Je, Bendera Yaweza Kuwa na Hatia?

Waswahili husema bendera hufuata upepo. Usemi huu hausifu bali husuta. Humkejeli mtu asiye na msimamo, ambaye leo yuko huku na kesho yuko kule, kwa kadiri maslahi yanavyovuma. Ni ajabu basi kwamba kitu kile kile ambacho lugha yetu imekifanya mfano wa ugeugeu ndicho ambacho mataifa yamekichagua kiwe mfano wa uthabiti. Watoto wetu husimamishwa mbele yake wakiwa wima na kimya. Hufundishwa kuichora, kutaja rangi zake na kueleza maana ya kila rangi. Nasi walimu husahihisha majibu yao kama tunavyosahihisha hesabu: buluu ni hii, njano ni hii, kijani ni hii. Ni nadra tunapojiuliza maana hizo zinakaa wapi hasa. Je, zimo ndani ya kitambaa, au zimo ndani yetu? Na ikiwa uovu umetendwa chini ya bendera, je, kosa ni la bendera, au bendera haina kosa kamwe?

Swali hili sikulitafuta vitabuni. Liliniletea lenyewe darasani, Kimisagara, katika wilaya ya Nyarugenge mjini Kigali. Wasiopajua mahali hapa wafahamu kwamba ni mtaa uliojengwa mtelemkoni, nyumba zikipandana mlimani kama vidato vya ngazi, na chini yake ni Nyabugogo, ambako mabasi ya mikoa yote huingia na kutoka. Kiswahili si mgeni katika sehemu hizi. Ng'ambo kidogo, Biryogo ya Nyamirambo, kimezungumzwa na vizazi kadhaa vya wafanya biashara na mafundi, na tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Siku hiyo somo lilikuwa jepesi: msamiati wa rangi. Niliwaagiza wanafunzi wachore bendera ya nchi na kuandika chini yake sentensi tano.

Wote walichora ile tunayoiona kila siku. Ni buluu nusu nzima ya juu, kisha ukanda wa njano, kisha ukanda wa kijani, na jua lenye miale 24 katika pembe ya juu iliyo mbali na mlingoti. Lakini msichana mmoja, baada ya kipindi kwisha, alibaki nyuma akanijia akiwa ameshika kitu kilichofungwa ndani ya kitenge.

"Mwalimu, naomba kuuliza," alisema. "Na hii je?"

Lilikuwa daftari la shule ya msingi lililochakaa pembe. Katika ukurasa mmoja palichorwa kwa penseli za rangi mistari mitatu ya kusimama, mwekundu, wa njano na wa kijani, na katikati herufi R nyeusi, iliyokolezwa mara mbili mbili kama afanyavyo mtoto atakaye kumpendeza mwalimu wake. Chini yake mwalimu wa siku zile aliandika kwa wino: vizuri sana. Msichana alinieleza kwamba daftari lilikuwa la mjomba wake. Aliuawa mwaka 1994, angali mtoto. Bibi yake hakubakiwa na picha ya mwanawe. Amebakiwa na daftari hilo.

"Watu husema bendera ile ilikuwa mbaya," aliendelea. "Mjomba aliichora kwa mapenzi. Je, alikosea? Bibi auchane ukurasa huu?"

Nilimwambia kwamba nitamjibu wiki ijayo. Makala haya ni jitihada ya kulitafuta jibu hilo mbele ya walimu wenzangu.

Tuanze na historia, maana hukumu isiyo na historia ni kelele. Ufalme wa Rwanda uliondolewa Gitarama tarehe 28 Januari 1961, ikatangazwa jamhuri. Kura ya maoni ya Septemba mwaka huo ikathibitisha hatua hiyo, na uhuru ukapatikana tarehe 1 Julai 1962. Bendera ya jamhuri ilikuwa na rangi tatu za nyekundu, njano na kijani. Kwa kuwa ilifanana kabisa na ile ya Guinea, iliongezwa herufi R ili zitofautishwe. Wito wa taifa uliandikwa kwa Kifaransa, nao ulikuwa wa maneno matatu: uhuru, ushirikiano, maendeleo. Nani angeyakataa maneno hayo? Hata hivyo, chini ya bendera hiyo na wito huo yalitendwa mauaji ya Desemba 1963 na Januari 1964. Mwaka 1973 walimu na wanafunzi Watutsi walifukuzwa mashuleni, orodha za majina yao zikibandikwa kutani. Na tangu Aprili 1994, kwa muda wa siku zipatazo 100, yakatendwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo kwa hesabu ya serikali ya Rwanda yaliangamiza watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 2001 nchi ikachukua bendera mpya, nembo mpya na wito mpya, na wimbo mpya wa taifa ukaanza kuimbwa mwanzoni mwa 2002.

Kuna majibu mawili mepesi kwa swali la yule msichana, na yafaa tuyapime yote mawili.

La kwanza ni kwamba rangi ni rangi tu. Mwenye kauli hii hakosi ushahidi. Nyekundu iliyoondolewa Rwanda imo katika bendera ya Kenya, ambako huelezwa kuwa ni damu iliyomwagika katika kudai uhuru. Imo pia katika bendera ya Uganda, ambako huelezwa kuwa ni undugu wa watu wote, kwa kuwa damu ya kila mmoja ni ya rangi moja. Nchi jirani, rangi ile ile, maana tofauti. Ni dhahiri basi kwamba maana haichimbuki kutoka katika rangi kama maji yachimbukavyo kutoka kisimani, bali huwekwa humo na watu. Kwa hoja hii kitambaa hakina kosa, sawa na panga ambalo hulima shamba mkononi mwa huyu na kuua mkononi mwa yule.

Jibu la pili ni kinyume chake: kwamba bendera ile ilikuwa mbaya tangu mwanzo wake, na kila aliyeipenda alishiriki ubaya huo. Anayesema hivi anawasemea waliodhurika, nasi hatuna budi kumheshimu. Lakini kauli yake ikishikwa mpaka mwisho humtia hatiani hata yule mtoto mwenye penseli, ambaye bendera hiyo haikumkinga. Hukumu inayomkuta na hatia yeye aliyeuawa haiwezi kuwa hukumu ya haki.

Kabla ya kuchagua, tulitazame neno lenyewe tunalolitumia. Leo nembo ni alama rasmi ya dola, ya shirika au ya chuo. Lakini wazee walilitumia neno hili kwa chale zilizochanjwa usoni au mwilini ili mtu atambulikane ni wa kabila gani. Nembo ilikuwa juu ya ngozi, nayo kazi yake ilikuwa kutenga: huyu wetu, yule si wetu. Lugha imelitoa neno mwilini ikalipandisha mlangoni mwa ofisi, na ikalipa kazi iliyo kinyume, yaani kuwakusanya wengi chini ya alama moja.

Sasa tujiulize: katika Rwanda ya kabla ya 1994, nembo ya kweli ilikuwa ipi? Kulikuwa na bendera mlingotini, lakini kulikuwa pia na kadi ndogo mfukoni. Wakoloni wa Kibelgiji, katika miaka ya 1930, walitoa vitambulisho vilivyomwandika kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Ukoloni uliondoka, jamhuri ikaja, kadi zikabaki. Mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani wauaji hawakumwuliza mtu maana ya njano na kijani. Walimwambia atoe kitambulisho. Alama kubwa iliyopepea juu ilisema: nyote ni wa nchi moja. Alama ndogo iliyofichwa mfukoni ilisema: la hasha, wewe si wa hapa. Na ile ndogo ndiyo iliyosadikiwa.

Hapo ndipo ninapoiona hitilafu ya majibu yote mawili. Alama haina maana peke yake, lakini pia si kitu kitupu. Alama ni kauli. Aisimamishaye huwaambia watu jambo, na kauli huweza kuwa ya kweli au ya uongo. Bendera ile ya zamani ilimwahidi kila mtoto aliyeichora kwamba nchi ni yake. Dola iliyoipandisha asubuhi ndiyo iliyoandika katika kadi kwamba nchi si yake. Kosa halikuwa la wekundu wala la herufi R. Kosa lilikuwa la walioahidi hadharani na kuvunja ahadi waziwazi. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni huwa juu ya mwenye kuahidi, haliwi juu ya karatasi iliyoandikiwa ahadi.

Lakini hapa mpinzani ataniuliza: ikiwa kosa lilikuwa la watu, kwa nini basi kitambaa kiliondolewa? Je, haikuwa kujidanganya? Jino la pembe si dawa ya pengo.

Hoja hii ni nzito, na historia ya Rwanda yenyewe huiunga mkono, kwa sababu 2001 haikuwa mara ya kwanza ya nchi hii kubadili alama. Kabla ya bendera palikuwa na ngoma. Katika Kinyarwanda neno ingoma hutaja ala ya muziki na hutaja pia utawala wenyewe. Kusema ngoma ya fulani ni kusema enzi ya fulani. Kalinga, ngoma kuu ya wafalme, ilipambwa kwa viungo vilivyokatwa kutoka katika miili ya wafalme maadui walioshindwa. Mtu wa ukoo wa washindi aliisikia ikivuma akaona fahari, na mtu wa ukoo wa walioshindwa aliisikia akakumbushwa fedheha. Hatuwezi kuwalaumu waliosema katika miaka ya 1950 kwamba alama ya namna hiyo haikuwafaa watu wote. Ufalme ulipoondoka, Kalinga ikatoweka pamoja nao. Lakini je, amani ilikuja? Tumekwisha kuitaja miaka 1963 na 1973. Na jirani zetu wa Burundi waliiweka ngoma katikati ya bendera yao mwaka 1962, wakaiondoa ufalme ulipoangushwa mwaka 1966, wakaweka nyota tatu mwaka 1967. Nyota hizo hazikuizuia damu ya 1972. Kubadili alama si kuponya. Aliyeiondoa ngoma iliyowasuta baadhi ya watu, kisha akawaandika watu wengine katika orodha za kufukuzwa, amebadili sauti tu, suto limebaki lile lile.

Pamoja na hayo, nasema kuibadili bendera mwaka 2001 kulikuwa haki, na sababu yangu si rangi, ni macho ya wanaoitazama. Kauli huwa na msemaji na huwa na msikilizaji. Mama aliyepoteza watoto wake hawezi kuambiwa kila asubuhi aiamkie alama ambayo waliowaua walijinasibisha nayo, kisha akaelezwa kwa upole kwamba rangi ni rangi tu. Ni kweli rangi ni rangi tu, lakini kumbukumbu yake si rangi tu. Mtu muungwana akijua kwamba jina fulani humuumiza jirani yake, huliacha, hata kama jina lenyewe halina ubaya katika kamusi. Ikiwa adabu hii yatupasa sisi mtaani, sembuse dola kwa raia wake!

Afrika Kusini ilikabiliwa na swali hili hili. Bendera yake mpya ilipandishwa tarehe 27 Aprili 1994, katika majuma yale yale ambayo Kigali ilikuwa ikifa. Wao waliiondoa bendera ya ubaguzi, lakini katika wimbo wa taifa wa mwaka 1997 waliunganisha sehemu ya wimbo wa zamani na ule wa wapigania uhuru. Na mwaka 2019 Mahakama ya Usawa iliamua kwamba kuionyesha bendera ya zamani ovyo ni kauli ya chuki, ila iliacha nafasi kwa elimu, sanaa na uandishi wa habari wenye manufaa kwa umma. Uamuzi huo una hekima ambayo mwalimu hapaswi kuipuuza. Kitambaa ni kile kile, lakini kukitundika hadharani ni kusema jambo moja, na kukihifadhi ili watu wajifunze ni kusema jambo lingine.

Turudi sasa kwenye alama za leo, tuzisome kama ahadi. Katika nembo ya Rwanda, ndani ya duara la kamba ya kijani iliyofungwa fundo, mna jua, mtama na kahawa, gurudumu lenye meno, kikapu, na ngao mbili kulia na kushoto. Tuzitazame ngao hizo. Ngao ya Kenya ina mikuki iliyopishana. Hizi hazina mkuki. Ngao isiyo na mkuki husema: nitakukinga, wala sitakuchoma. Kisha tukitazame kikapu, agaseke, chenye mfuniko mrefu uliochongoka. Hutolewa zawadi arusini na katika ziara za heshima, kikiwa kimefunikwa, na mpokeaji humwamini mtoaji kabla hajafunua. Baada ya 1994 wanawake walioponea mauaji na wanawake ambao waume zao walifungwa kwa mauaji waliketi mkeka mmoja kusuka vikapu hivyo. Sidhani kwamba kila aliyeketi hapo alikuwa amesamehe. Lakini usukaji haungoji moyo ukamilike. Mikono huanza, na moyo hufuata ukipenda. Chini kabisa pana wito: Ubumwe, Umurimo, Gukunda Igihugu, yaani umoja, kazi na kuipenda nchi. Mwalimu wa Kiswahili hatakosa kuona kwamba ubumwe na umoja hujengwa kwa namna moja, kila neno likitokana na ile hesabu ya kwanza: mmoja.

Maneno haya ni mazuri. Lakini hata ule wito wa zamani ulikuwa mzuri, na hapo ndipo penye funzo. Alama mpya si cheti cha kwamba deni limelipwa. Ni hati ya deni jipya, na wadaiwa ni sisi: mwenye ofisi na mwenye kibanda, dereva wa Nyabugogo, na mwalimu ambaye huweza, kwa neno moja la dhihaka juu ya jina au sura ya mwanafunzi, kuichanja tena ile nembo ya kale juu ya ngozi ya mtoto.

Wiki iliyofuata nilimjibu yule msichana. Nilimwambia: mjomba wako hakukosea. Aliahidiwa nchi, akaisadiki ahadi, akaipaka rangi vizuri. Waliokosea ni walioahidi na kuvunja. Bendera ile haipaswi kurudi mlingotini, kwa maana kuipandisha huko ni kuirudia ahadi kwa kinywa kilichokwisha kusema uongo. Lakini ukurasa ule bibi asiuchane. Huo ni stakabadhi. Unaonyesha mtoto fulani alidai nini na hakulipwa. Mwenye deni ndiye atamaniye stakabadhi ichanwe, mdai huitunza.

Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na hii mpya, Mwalimu, nani anayetunza stakabadhi yake?"

"Wewe," nilimwambia. "Ulichora juzi. Usiitupe."

Alilifunga daftari ndani ya kitenge akaenda zake.

Tangu siku hiyo nimebadili zoezi langu. Siwaulizi tena wanafunzi njano maana yake nini, kana kwamba jibu liko dukani kwa muuza vitambaa. Huwaagiza wachore, kisha chini ya kila rangi waandike sentensi moja inayoanza kwa maneno "Ninadaiwa". Wengine huandika mambo madogo: kumwazima jirani kalamu, kutomcheka asemaye Kiswahili kwa lafudhi ya kwao. Mimi huyaona makubwa. Bendera itafuata upepo, hilo ndilo umbile lake. Swali la kimaadili ni kuhusu wale wanaosimama chini yake, kama nao watafuata. Wenzangu mnaofundisha Dodoma, Mombasa, Bukavu, Kampala na kwingineko, kila mmoja ana bendera yake na ana ukurasa wake uliofungwa ndani ya kitenge. Ningefurahi kusoma katika jarida hili jinsi mnavyowajibu watoto wanapoufungua mbele yenu.